Nazi Zisizoanguka

Wanangu, swali lenu limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ijumaa ile, mlipokuwa mmekaa maskani na simu zenu, mmoja wenu aliniuliza, tena kwa adabu kabisa: "Babu, maisha yako yote haya, ulikuwa ukiishi kwa ajili ya nini?" Nikacheka, nikasema nitamjibu. Nikashika njia ya nyumbani nikilitafuta jibu, na mpaka nafika mlangoni nilikuwa sijalipata. Nikasema basi nitaliandika, maana nikisema kwa mdomo mtanikatiza, nami nikikatizwa husahau nilipofikia. Msidhani ninaandika kwa sababu nimejua. Bado sijui vizuri.

Nilikuwa mkwezi. Kwa wale waliokulia Ukunda kwenye nyumba za kupanga na hawajui, mkwezi ni mtu anayepanda minazi kuangua nazi. Nilianzia hapa Waa kwenye mashamba ya watu, nikaenda Msambweni, kisha miaka mingi zaidi nilikuwa mkwezi wa hoteli kule Diani. Ndiyo, hoteli huwa na mkwezi kama inavyokuwa na mpishi na dobi. Madafu ya wageni niliangua, lakini sikuajiriwa kwa ajili ya madafu. Niliajiriwa nazi isije ikamwangukia mgeni kichwani.

Hebu lifikirieni jambo hilo. Seremala akistaafu atakuonyesha mlango, atakwambia, "Huu nimeuunda mimi." Mwashi atakuonyesha ukuta. Mimi nikuonyeshe nini, nazi ambayo haikuanguka? Nilikuwa nikipita ufukweni namwona mama wa Kizungu amelala chini ya mnazi niliousafisha jana yake, kofia usoni, anakoroma kwa raha zake. Hakujua kwamba nipo duniani. Na isitoshe, kama nisingeupanda mnazi ule, pengine nazi isingeanguka vilevile. Hapo ndipo kichwa changu huanza kuzunguka, maana sijui kama nilifanya kazi au nilipita tu nikalipwa mshahara.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mjomba wangu Bakari, ndugu wa mama. Msimdhanie mzee wa busara wa kwenye hadithi. Alikuwa mkali, mchoyo wa tumbaku, na mguu mmoja alikuwa akiuburuta. Watu walidhani aliumia kwa kuanguka mnazini, kumbe aliteleza msikitini mahali pa kutawadhia. Mnazini hakuanguka hata siku moja, na jambo hilo alikuwa akilitaja kila alipopata mtu wa kumsikiliza.

Mafunzo yake yalikuwa ya ajabu. Mimi nikiwa juu, kitanzi cha kamba miguuni, vidato vimechongwa shinani na panga kiunoni, yeye husimama chini na kupiga kelele: "Mkono wa kushoto uko wapi?" Ilinipasa nijibu papo hapo. "Kwenye kilele, nyuma ya kuti bichi!" "Mguu wa kulia?" "Kwenye kidato, kisigino nje!" Nikichelewa kujibu, hata kidogo tu, aliniamuru nishuke, na siku hiyo sipandi tena. Sikuwa na ruhusa ya kubishana.

"Mjomba, nilikuwa nawaza tu kidogo," nilimwambia siku moja.

"Ulikuwa ukiwaza wapi?"

"Nyumbani."

"Basi nenda nyumbani ukakwee huko. Hapa mnazini hakuna mtu."

Nilidhani ni ukorofi wa uzee. Nilikuja kuelewa siku nilipokalia kuti kavu. Nyinyi maneno hayo mnayasikia redioni wakisemwa wanasiasa, mimi nimelikalia kwa makalio yangu haya. Kuti likianza kuwa la manjano kwenye shina lake usiliamini hata likionekana nene, na hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Lakini siku hiyo majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, walinivamia shingoni, nikashughulika nao, matako yakajichagulia pa kukaa. Nilisikia mlio mdogo, kuti likaenda zake chini, nami nikabaki nimeukumbatia mnazi kama mtoto anayeachishwa ziwa. Mjomba alikuwa chini. Hakuniuliza kama nimeumia. Aliuliza, "Mkono wa kushoto uko wapi?" Nikamjibu huku nikilia.

Kwa hiyo, wanangu, jambo moja ninalijua kwa hakika. Juu ya mnazi mtu hapaswi kuwa na jana wala kesho. Ukishika shada la nazi, unagonga kwa ncha ya kidole usikie kama ni dafu, koroma au nazi iliyokomaa, na wakati huo hakuna kingine ulimwenguni. Deni hulikumbuki, ugomvi huukumbuki. Mtu angenikuta pale na kuniuliza jina la mama yangu, ningemwomba asubiri. Miaka yangu yote ya kukwea nilikuwa na raha hiyo, na sikujua kwamba ni raha. Niliita kazi.

Mambo ya chini ndiyo yalinishinda, na yalianza kunishinda mapema.

Kule vijijini mkwezi ana desturi yake. Bafu za kwetu zilikuwa za makuti, hazina paa, na mtu aliye juu ya mnazi anaona nyua za watu wote. Kwa hiyo kabla hujapanda unaita kwa sauti kubwa, mara kadhaa: "Mkwezi! Mkwezi juu! Mwenye kuoga ajistiri!" Mkwezi asiyeita ni mtu mbaya, hapewi kazi, na akina mama wanaweza kumfukuza mtaani kwa mwiko. Mimi nilikuwa na sauti nzuri, ilikuwa ikifika mpaka barabara kuu.

Basi siku yangu ya kwanza hotelini niliamka mapema, nikachagua mnazi ulio karibu na vyumba, nikajaza pumzi na kuita. Wallahi, sijawahi kuona watu wakikimbia vile. Mgeni mmoja alitoka barazani na taulo mkononi badala ya kiunoni. Askari wa lango walikuja mbio na marungu. Mama mmoja alikuwa ameshambeba mtoto wake kuelekea maegesho. Na mimi niko katikati ya mnazi, sijui nishuke au nipande, nikaita tena nikidhani hawakunisikia vizuri.

Meneja alikuwa kijana wa kutoka bara. Alinikuta nimeshuka, kamba mkononi.

"Mzee, hiyo kelele ni ya nini?"

"Ninawajulisha kwamba napanda, bwana, ili wajistiri."

"Wajistiri nini? Hawa wamelipa kukaa bila nguo. Wewe panda tu polepole, sawa mzee? Bila maneno."

Nikapanda bila maneno. Nilijisikia mwizi. Miezi mingi nilipanda nimefumba jicho la upande wa vyumba, jambo ambalo mjomba Bakari angelipigia kelele, na kila nikishuka nilijiuliza kama nimefanya adabu au nimeivunja. Mpaka leo sina jibu. Nikikutana na shehe anayejua hukumu ya mkwezi wa hoteli nitamwuliza.

Halafu yakaja mageuzi. Zamani tulikuwa tukiacha shada likomae, tunaliangua. Baadaye hoteli ikasema nazi zisifike hata kuwa nazi, zikatwe zikiwa vitale, bado ndogo kama ngumi ya mtoto. Mwanzoni nilikataa. Mnazi unahangaika, unachanua, unafunga, nawe unaukata kabla haujazaa chochote! Lakini ndiyo ilikuwa amri, nikawa nakata vitale na kuvishusha kwenye gunia kwa kamba, visifanye kishindo. Baada ya muda ile minazi yote ilikuwa mizuri na haina kitu, na wageni waliipiga picha. Siku hizi wanapanda vijana wenye mikanda ya kiunoni na kofia ngumu, na siwacheki, kwani mkanda ni kitu kizuri. Ningelikuwa nao siku ya kuti kavu ningelilia kidogo tu.

Kuna mwaka hoteli ilileta mwalimu wa kuwafundisha wageni kukaa. Msicheke. Walikuwa wakija kutoka mbali sana, wanakaa juu ya mikeka wakiikabili bahari, wanafumba macho, na mwalimu, mama mmoja mpole mwenye shanga, anawaambia wavute pumzi, waiache, wawe hapa walipo. Mimi niliambiwa nisipande mpaka wamalize. Nikawa nasubiri nyuma yao na kamba yangu begani.

Siku moja mwalimu yule akanijia na mhudumu wa kutafsiri. Akaniuliza nikiwa juu kule huwa nafikiri nini. Nikasema sifikiri. Yule mama alifurahi mpaka machozi yakamlenga, akashika mikono yangu yote miwili, akaniomba kesho yake niketi nao. Mimi kwa heshima nikaketi. Nikafumba macho. Akasema tusifikiri.

Loo! Kila kitu kikaja. Bati linalovuja, mbuzi wa jirani anayekula mihogo yangu, harusi ya mpwa wangu, panga nililoliacha sijui wapi, maneno aliyonitolea baba mkwe tangu zamani nikiwa bado mchumba. Nilijaribu kuyafukuza, yakaja na ndugu zao. Mwishowe nikapata usingizi, na nikaambiwa nilikoroma kiasi kwamba mgeni mmoja alianza kucheka na darasa likaharibika. Mwalimu hakukasirika. Alinitazama kwa mshangao, nami nikamtazama hivyohivyo, kila mtu akaenda zake.

Jambo hilo lilinisumbua kuliko mnavyodhani. Juu ya mnazi, mahali ambapo kosa moja ni kifo, nilikuwa mtulivu kuliko maji ya mtungini. Chini, kwenye mkeka laini, kichwa changu kilikuwa soko la Kongowea. Nikajisemea labda Mungu aliniumba wa juu tu. Sikulifikisha mbali zaidi ya hapo.

Kisha nyonga ikaharibika. Daktari wa Msambweni akapiga picha, akaniambia, "Mzee, minazi basi." Alisema kwa upole, lakini nilimchukia mpaka nilipofika kituo cha magari. Hoteli ikanipa fulana, keki na mkono wa kwaheri, nikarudi Waa kukaa na mke wangu.

Mke wangu mnamjua, ni yule Mama Mishi anayewagawia kaimati mwezi wa Ramadhani. Tumeoana tangu tungali wabichi. Lakini niliporudi moja kwa moja, nyumba ile nilikuwa siijui. Sikujua sukari inakaa wapi. Nilikuwa naamka alfajiri, nasali, navaa nguo za kazi, nakaa kitandani nazo. Yeye anaingia, ananitazama, anatoka.

Na kuna jambo la shingo. Mkwezi akiwa juu hutazama mkono wake, lakini akiwa chini hutazama juu. Hana namna. Popote alipo, harusini, matangani, kwenye mkutano wa chifu, macho yake yanapanda yenyewe: shada lile limelemea, kuti lile linataka kukatika, pale asikae mtu. Nimezika watu nikiwa natazama juu. Picha ya harusi ya Mishi iko ukutani kwetu, watu wote wanatazama mbele na baba wa bibi harusi anatazama mnazi wa jirani.

Mama Mishi alikuwa akizungumza na mimi kwenye chakula. Kwa dirisha la kwetu unaonekana mnazi wa Kassim, rafiki yangu, mnazi mzembe kweli, hausafishwi. Siku moja alikuwa akieleza jambo, nami nalitazama shada moja nikikisia litamaliza wiki hiyo au la. Kisha akaniuliza, "Baba Mishi, nimesema nini?"

"Umesema habari za Mishi."

"Mishi kafanya nini?"

"Kajifungua. Mtoto wa kiume, alhamdulillahi."

"Hayo nilikwambia jana. Leo nimekwambia kwamba naondoka."

Nikageuka. Alikuwa ameshafunga mzigo, uko karibu na mlango, sijui tangu saa ngapi.

"Waenda wapi?"

"Matuga, kwa Mishi. Nimlee mpaka arobaini yake."

"Ni haki yake. Na baada ya arobaini?"

Akavaa buibui lake, akalinyoosha mabegani bila haraka. "Baada ya arobaini tutaona," akasema.

"Tutaona nini?"

"Miaka yote ulikuwa huko juu, nikasema, haya, ni kazi, ndipo riziki yetu ilipo. Sasa umeambiwa ushuke, na hujashuka. Mimi sitaki kuzeeka na shingo ya mtu. Tutaona."

Akaenda. Wanangu, nilichanganyikiwa hasa. Mtu nimo ndani ya nyumba asubuhi hadi usiku, nakaa kiti kilekile, naye asema simo! Nilikwenda kwa Kassim kumwuliza tafsiri ya neno lile. Kassim alifikiri sana, akasema, "Mwanamke akisema tutaona, yeye ameshaona." Nikarudi nyumbani nikiwa vibaya zaidi.

Nilijaribu. Nilikaa jikoni mwetu nikisema, nipo, nipo hapa. Nikavuta pumzi kama wale wa mikekani. Nikamkumbuka mjomba, nikajiuliza kwa sauti mkono wa kushoto uko wapi. Ulikuwa gotini, haufanyi lolote. Nikalia kidogo, kwa sababu mkono ule ulikuwa umeshika vitu maisha yake yote na sasa sikuwa na cha kuupa. Niliogopa kweli. Niliogopa kwamba Mama Mishi hatarudi, na zaidi ya hapo niliogopa kwamba alikuwa na haki.

Arobaini ya mtoto ikapita. Siku zikaendelea kupita. Nikapiga simu, Mishi akasema, "Mama yupo, baba, anapumzika." Nikapiga tena, bado anapumzika. Sikuwahi kumjua Mama Mishi kuwa mtu wa kupumzika. Nikavaa kanzu, nikamwita kijana wa bodaboda, nikaenda Matuga mwenyewe na hotuba yangu kichwani. Ilikuwa nzuri, ilikuwa na mwanzo wa salamu, katikati ya kuomba radhi, na mwisho wa kumbembeleza.

Mishi akanipokea. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Nikampakata mjukuu, nikamwombea dua. Kisha Mama Mishi akatoka jikoni akanikaribisha kama anavyokaribishwa mgeni. Akaniletea glasi ya maji juu ya sahani ya chai, kwa mikono miwili, akaniuliza habari za Waa. Sahani ile ilinikata maini. Mke haniletei maji kwenye sahani mimi!

"Haya, sema," akaniambia.

Hotuba ikapotea. Akanisubiri kidogo, akatikisa kichwa, akarudi jikoni. Nami nikamfuata, kwa kuwa sikujua la kufanya. Ni jiko la nje, la makuti. Alikuwa na ungo wa mchele wa kuchagua na nazi iliyovunjwa tayari, na Mishi alikuwa ndani ananyonyesha. Akanitazama nimesimama hapo mlangoni.

"Basi kama umesimama tu, nikunie nazi."

Nazi nimeangua ambazo zingejaza hii Matuga, lakini kukuna, hapana. Kwetu mwanamume haketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nikaketi. Kibao kile ni kifupi na nyonga yangu ilipiga kelele, nikakipanda kama punda, nikaanza kukuna kwa nguvu. Mama Mishi akaja kuchungulia bakuli. Nilikuwa nimekuna mpaka kifuu, tui lingetoka la kahawia kama maji ya mto wa masika. Akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo, na mimi, sikuwa nimekisikia kicheko hicho kwa muda mrefu sana. Akawamwagia kuku nazi yangu ile, akavunja nazi nyingine, akaniwekea kizio mkononi.

"Usiisukume. Izungushe. Anzia ukingoni, uende ndani. Weupe ukianza kuingia wekundu, acha."

Nikazungusha. Ni kazi ya kuangalia, ile. Ukipoteza macho tu, ama unakuna kifuu ama unakuna kidole. Yeye akarudi kwenye ungo wake, akawa anachagua mchele, anapepeta, tumekaa mkabala. Na nikiwa nazungusha kile kizio, swali likanitoka ambalo halikuwemo kwenye hotuba. Nafikiri sikuwahi kumwuliza tangu tuoane.

"Mama Mishi, siku zile mimi nikiwa kazini, wewe ulikuwa ukifanya nini?"

Akaacha kupepeta.

"Nilikuwa nasikiliza," akasema.

"Unasikiliza nini?"

"Miguu ya mtu anayekuja mbio. Mtu akija mbio huwa ana habari." Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa. "Wewe ulikuwa ukilalamika kwamba nyumbani kwetu chakula cha jioni hakiivi mpaka watu wamelala. Ulikuwa ukinisema hata mbele ya mama yako, kwamba sijui kupanga saa zangu. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Ni kweli kwetu tulikuwa tukila usiku mno, na mimi huja na njaa, naukuta mchele ungali kwenye ungo.

"Nilikuwa siinjiki chungu motoni mpaka nikuone mlangoni na miguu yako miwili," akasema. "Nilijisemea, nikipika kabla na wewe ukaanguka, nitakuwa nimepika chakula cha matanga. Kila siku. Hata ulipohamia hotelini, siku ulizokuwa ukirudi."

Mikono yangu ilikuwa imesimama.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie ili iweje? Ungepanda nalo."

Wanangu, hebu fikirieni. Utulivu ule wote niliokuwa nao juu, ambao yule mwalimu wa shanga aliushangaa, niliodhani ni wangu, ni wa kuzaliwa nao au wa mjomba Bakari, kumbe kulikuwa na mtu chini anabeba hofu ili mimi nisiibebe. Aliibeba kila siku ya Mungu, na kila siku hakikutokea kitu, naye hakuwa na cha kumwonyesha mtu kama mimi nisivyokuwa nacho. Nilitaka kumwambia hayo. Nilisema tu, "Pole, mama."

"Kuna nazi," akasema. "Kizio hakijaisha."

Nikakuna. Alipolipokea bakuli alilitazama, akatia kidole, akaonja, hakusema kitu kibaya. Akakamua tui. Nikamwuliza kama tutarudi kwetu kesho, naye akasema kwanza tule, mtu haamui safari ana njaa. Asubuhi yake alifunga mzigo, akanipa mimi niubebe.

Hilo ndilo nililo nalo. Najua aliyeuliza alitaka neno moja la kushika, na mimi nimemletea kapu zima halijachambuliwa. Mkipata jibu zuri zaidi njooni mniambie, nipo, mlango hauna kufuli.

Lakini mkitaka kula nasi, msije mkasubiri giza. Alasiri ile kule Matuga Mama Mishi aliwasha moto akainjika chungu cha wali jua lingali kali kabisa, mimi nimekaa pale namwona, hatua tatu kutoka kwake. Na mpaka leo hapa Waa huinjika saa hiyohiyo, tukala kungali mchana. Majirani wanasema ni uzee.